Umri na Spini: Aasif Karim na Warushaji Waliochelewa Kuvuma Afrika Mashariki

Katika kriketi ipo kazi moja ambayo umri hauna haraka ya kumfukuza mtu, nayo ni kurusha mpira wa spini. Rekodi za mechi za Test, zile za siku tano ambazo ndizo daraja la juu kabisa la mchezo huo, zinalionyesha jambo hilo waziwazi. Wachezaji wanne walioanza kucheza Test wakiwa na umri mkubwa kuliko wengine wote ni James Southerton wa Uingereza, aliyeanza mwaka 1877 akiwa na miaka 49. Miran Bakhsh wa Pakistan, mwaka 1955, akiwa na miaka 47. Na Waaustralia wawili, Don Blackie na Bert Ironmonger, walioanza mwaka mmoja, 1928, kila mmoja akiwa na miaka 46. Wote wanne walikuwa warushaji wa mpira wa taratibu, wa kuzungusha. Katika nafasi hizo nne hamna mrushaji wa kasi wala mpigaji.

Afrika Mashariki nayo ina watu wa aina hiyo, na aliye mashuhuri kuliko wote ni mtoto wa pwani: Aasif Karim, aliyezaliwa Mombasa Desemba 1963 na kufanya kazi yake kubwa kuliko zote akiwa na miaka 39, baada ya kuwa amekwisha kustaafu. Historia yake husimuliwa kama muujiza wa siku moja. Ikitazamwa pamoja na ya Frank Nsubuga wa Uganda, John Traicos wa Zimbabwe na Collins Obuya wa Kenya, sura ya muujiza inapungua, na linalobaki ni swali la kawaida zaidi na gumu zaidi: mrushaji wa spini anahitaji mazingira gani hata afike umri wa kukomaa bado akicheza? Swali hilo linaigusa pia pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, Bagamoyo na Pangani hadi Tanga, pwani ambayo ni ndugu ya Mombasa kwa mambo mengi lakini haikupata kuzaa mrushaji wa namna hiyo.

Sababu ya kwanza ya spini kuchelewa ni ya kimwili. Pichi ya kriketi ina urefu wa mita 20.12 kutoka wiketi hadi wiketi. Mrushaji wa kasi anaupitisha mpira hapo kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa au zaidi, na kila anapotua mguu wa mbele, mgongo, goti na kifundo hubeba uzito uliozidi mwili wake mara kadhaa. Wengi wao huanza kupungua wakikaribia miaka 35. Mrushaji wa spini anatembea hatua chache, anarusha kwa kilomita 75 hadi 95 kwa saa, na nguvu yake iko kwenye vidole au kiwiko cha mkono. Ironmonger alikuwa amepoteza sehemu ya kidole cha shahada cha mkono aliorushia, na bado alimaliza na wiketi 74, yaani wapigaji 74 aliowatoa, katika mechi 14 za Test.

Sababu ya pili ni ya akili, na ndiyo yenye uzito zaidi. Mpira wa kasi unaweza kumshinda mpigaji hata kama mrushaji hakufikiri sana, kwa sababu muda wa kuutazama ni mfupi. Mpira wa taratibu unampa mpigaji muda wote anaoutaka, hivyo lazima adanganywe. Mrushaji wa mkono wa kushoto wa aina ya Karim huzungusha mpira kwa vidole, ukagonga chini na kwenda nje, mbali na mwili wa mpigaji anayetumia mkono wa kulia. Mpigaji akishazoea mwelekeo huo, mrushaji huleta mpira unaofanana na ile mingine kwa kila hali, ila huu hauzunguki. Unanyooka na kuja kwenye pedi. Katikati ya mbinu hizo mbili kuna mambo madogo mengi: mpira kuwekwa juu zaidi hewani, kurushwa kutoka pembeni kidogo ya pichi, kupunguziwa mwendo kwa kilomita tatu au nne tu. Hakuna hata moja linalofundishika kwa wiki. Wapiga ngoma wa Bagamoyo wanalijua jambo la namna hii: mikono hujifunza mdundo mapema, lakini kujua lini usipige huja baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye ngoma.

Sababu ya tatu husahaulika, nayo inawahusu manahodha. Mrushaji wa spini mchanga akipigwa sita mbili mfululizo, nahodha humwondoa na kumrudishia mpira mrushaji wa kasi, kwa hiyo kijana haupati ule muda wa kukosea ambao ndio shule yenyewe. Anayevumilia mpaka kuaminiwa huwa ameshakuwa mtu mzima. Sehemu ya kile kinachoitwa kukomaa kwa kuchelewa ni kuchelewa kuaminiwa, na rekodi haziwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Karim alitoka katika nyumba ya michezo. Baba yake, Yusuf Karim, aliichezea nchi kriketi na tenisi, na mtoto akafuata njia zote mbili: aliiwakilisha Kenya katika Davis Cup, mashindano ya tenisi ya mataifa, na katika kriketi alikuwa kwenye timu ya taifa tangu miaka ya 1980. Kriketi ya Kenya ya wakati huo haikumlipa mtu mshahara wa kuishi. Wachezaji walikuwa na kazi zao, na Karim alikuwa katika biashara ya bima. Walicheza mwishoni mwa wiki katika ligi za vilabu, nyingi zikiwa zimeanzishwa na jumuiya za Waasia wa Mombasa na Nairobi, kisha kila baada ya miaka michache walisafiri kucheza ICC Trophy, mashindano ya nchi zisizo na hadhi ya Test.

Kenya ilipocheza Kombe la Dunia la 1996, Karim alikuwa na miaka 32. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya ova 50 (ova moja ni mipira sita) yenye kutambuliwa rasmi, dhidi ya India mjini Cuttack Februari 18 mwaka huo, ilikuwa pia ya kwanza kwa nchi yake. Yaani umri wake wa kuanza haukuwa na uhusiano na ubora wake: kabla ya siku hiyo mlango haukuwapo. Jambo hili ni muhimu kila anapohesabiwa miongoni mwa waliochelewa. Mchezaji wa Uingereza au India anayeanza akiwa na miaka 32 kwa kawaida amepitwa na wengine. Mchezaji wa Kenya wa kizazi cha Karim alikuwa anasubiri nchi yake ikue.

Mwaka 1999 aliiongoza Kenya kama nahodha katika Kombe la Dunia nchini Uingereza. Kenya ilipoteza mechi zake zote tano, na Karim akastaafu. Kama habari ingeishia hapo, jina lake lingebaki kwenye kumbukumbu za Kenya tu, mrushaji mwaminifu wa mkono wa kushoto, mgumu kupigwa, asiyechukua wiketi nyingi.

Kwa Kombe la Dunia la 2003, lililochezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, aliitwa tena. Kenya ilizishinda Canada, Sri Lanka na Bangladesh, ikapewa pointi za New Zealand iliyokataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, ikaingia hatua ya Super Six, na huko ikaifunga Zimbabwe mjini Bloemfontein. Wapo walioshikilia kuwa safari hiyo ilisaidiwa na pointi za bure. Zilisaidia kweli, lakini Sri Lanka haikutoa chochote bure.

Machi 15, 2003, katika uwanja wa Kingsmead mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa watetezi ambao wangemaliza mashindano hayo bila kupoteza mechi hata moja. (Tarehe hiyohiyo, Machi 15, ndiyo iliyoanza Test ya kwanza kabisa mwaka 1877, ile iliyomtoa mzee Southerton.) Brett Lee alichukua wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo mapema katika mechi. Kenya ikajikongoja hadi mikimbio 174 kwa wiketi nane. Australia ilianza kulikimbiza lengo hilo kwa fujo: Adam Gilchrist alipiga 67 kwa mipira 43, na ilionekana watu wangerudi hotelini mapema.

Ndipo Karim akapewa mpira. Alimnasa Ricky Ponting, nahodha wa Australia, kwa mguu mbele ya wiketi, kwa mpira ulionyooka. Darren Lehmann akagusa na kudakwa na mlinda wiketi. Brad Hogg akamrudishia mpira mikononi mwake mwenyewe. Australia ikawa 117 kwa wiketi tano, na kwa muda wa ova kadhaa timu bora duniani ikawa haiwezi kupata mkimbio kwa mtu wa bima mwenye miaka 39. Baada ya ova nane alikuwa ametoa mikimbio miwili tu. Andrew Symonds na Ian Harvey waliimaliza kazi katika ova ya 32, na mikimbio mitano ya mwisho ikaharibu kidogo hesabu yake: ova 8.2, sita zikiwa hazikutoa mkimbio wowote, mikimbio 7, wiketi 3. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikaenda kwa Karim, mchezaji wa upande ulioshindwa.

Hesabu hizo zinastahili kupimwa kwa haki. Australia ilihitaji mikimbio michache na ilikuwa na ova nyingi mkononi. Hakuna mpigaji aliyelazimika kumrukia Karim. Katika mechi ya lengo la 300, baadhi ya mipira ile iliyozuiwa kwa heshima ingepigwa juu ya vichwa vya walinzi. Kwa upande wa pili, lengo dogo halielezi wiketi. Ponting, Lehmann na Hogg hawakutoka kwa pupa ya kupiga sita. Walitoka kwa kuusoma vibaya mpira uliorushwa pale ulipokusudiwa, tena na tena, na mtu ambaye alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Karim hakuwa na mzunguko mkubwa wa mpira wala siri ya vidole. Alichokuwa nacho ni urefu uleule, mstari uleule, na utulivu wa mtu asiyekuwa na cha kupoteza katika kazi ambayo alikwisha kuiacha.

Siku tano baadaye, katika uwanja huohuo, India iliifunga Kenya kwa mikimbio 91 katika nusu fainali. Sourav Ganguly alifikisha 111 bila kutolewa, na Karim hakupata wiketi. Akastaafu kwa mara ya pili, safari hii moja kwa moja. Jumla yake katika mechi za kimataifa za ova 50 ni mechi 34 na wiketi 27. Hizo ni hesabu za mchezaji wa kawaida. Kazi ya miaka mingi iliyoonekana na dunia kwa siku moja haiwezi kusomwa kwenye wastani.

Katika kikosi hichohicho cha 2003 alikuwamo mrushaji mwingine wa spini ambaye njia yake ilikwenda kinyume kabisa. Collins Obuya alikuwa na miaka 21 na alirusha spini ya kiwiko, ile inayozunguka zaidi na kukosea zaidi. Februari 24 mwaka huo, mjini Nairobi, alichukua wiketi tano za Sri Lanka kwa mikimbio 24, na Kenya ikapata ushindi mkubwa. Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamsajili mwaka huohuo. Kilichofuata ni jeraha la goti, kupoteza mdundo wa mkono, na spini ambayo haikurudi tena kama ilivyokuwa. Obuya hakupotea kwenye mchezo: alijigeuza mpigaji, na katika Kombe la Dunia la 2011 alifikisha 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Alistaafu mwaka 2024. Lakini kama mrushaji, kilele chake kilikuwa nyuma yake kabla ya kutimiza miaka 22.

Kumweka Obuya kando ya Karim ni jambo linalofundisha kuliko kumsifu Karim peke yake. Kipaji cha Obuya kilikuwa kikubwa zaidi. Wengi waliowaona wote wawili wangekubali. Tofauti ilikuwa katika idadi ya ova zilizotangulia. Karim alifika Durban na hazina ya mipira maelfu kwa maelfu iliyorushwa mbele ya watazamaji wachache, na mkono wake ulipoyumba ulijua pa kurudi. Obuya alipelekwa kwenye ajira ya kulipwa kabla hazina hiyo haijajaa, na goti lilipomsimamisha hakuwa na akiba ya kuchota. Ajira yenyewe haikuwa kosa. Ilikuja tu kabla ya wakati wake.

Uganda ina mfano ulio karibu zaidi na siku zetu. Frank Nsubuga alizaliwa Agosti 1980, akaanza kuichezea nchi yake akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1990, na anatoka katika familia iliyotoa wachezaji wengine wawili wa taifa, Roger Mukasa na Lawrence Sematimba. Kwa zaidi ya miaka 25 alirusha spini ya mkono wa kulia katika mashindano ya daraja la pili na la tatu, ambayo hata wapenzi wa kriketi duniani hawayafuatilii. Novemba 2023, nchini Namibia, Uganda iliishinda Zimbabwe na ikafuzu Kombe la Dunia la T20, kriketi ya ova 20 kwa kila upande, kwa mara ya kwanza. Juni 2024 Nsubuga aliingia kwenye mashindano hayo akiwa na miaka 43, mkongwe kuliko wachezaji wote.

Dhidi ya Papua New Guinea, huko Providence, Guyana, alirusha ova zake nne zote: mbili hazikutoa mkimbio, mikimbio minne kwa jumla, wiketi mbili. Papua New Guinea ikatoka kwa 77, na Uganda ikashinda kwa wiketi tatu, ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia. Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ametoa mikimbio michache hivyo kwa ova nne kamili katika mashindano hayo. Rekodi ilidumu chini ya wiki mbili, maana Lockie Ferguson wa New Zealand alirusha ova nne bila kutoa mkimbio hata mmoja, tena dhidi ya Papua New Guinea hiyohiyo. Ni haki kusema pia kwamba Uganda ilipondwa na Afghanistan, West Indies na New Zealand, na kwamba pichi za Guyana ziliwapenda warushaji wa taratibu. Pamoja na hayo, T20 ni mchezo wa vijana wenye mabega mapana, na mtu wa miaka 43 ndiye aliyewafunga mikono.

John Traicos anaonyesha upande mwingine wa kusubiri. Alizaliwa Zagazig, Misri, mwaka 1947, akakulia Rhodesia, na mwaka 1970 aliichezea Afrika Kusini mechi tatu za Test. Kisha dunia ikaitenga Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na milango ya Test ikafungwa. Traicos aliendelea na kazi yake ya sheria na kriketi ya nyumbani, akaichezea Zimbabwe katika Makombe ya Dunia, na Oktoba 1992, Zimbabwe ilipocheza Test yake ya kwanza mjini Harare, alikuwa uwanjani akiwa na miaka 45. Alirusha ova 50 dhidi ya India na kuchukua wiketi tano kwa mikimbio 86, mojawapo ikiwa ya Sachin Tendulkar aliyetoka bila kitu. Miaka 22 na siku 222 ilipita kati ya Test yake ya tatu na ya nne.

Wanaume hawa watatu wa Afrika, Karim, Nsubuga na Traicos, wana jambo moja la pamoja ambalo halihusu vidole. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kuendelea kurusha wakati dunia haimtazami. Nje ya Afrika mambo ni yaleyale. Rangana Herath wa Sri Lanka aliingia Test mwaka 1999, akaachwa na kuitwa mara kadhaa kwa miaka kumi, akawa mfanyakazi wa benki, na mwaka 2009 aliitwa ghafla kutoka kwenye ligi ya vilabu ya Staffordshire, Uingereza, kwenda Galle kuikabili Pakistan. Alipostaafu mwaka 2018 alikuwa na wiketi 433, sehemu kubwa zikiwa za baada ya kutimiza miaka 35. Pravin Tambe wa Mumbai hakuwa amecheza hata mechi moja ya daraja la kwanza alipoingia IPL, ligi tajiri kuliko zote, mwaka 2013 akiwa na miaka 41. Miaka yote ya nyuma alikuwa akicheza katika ligi za vilabu na za makampuni za jiji lake. Mwaka uliofuata alichukua wiketi tatu mfululizo dhidi ya Kolkata. Mumbai ina ligi hizo kwa mamia ya timu. Ndiyo maana mtu anaweza kufichika humo miaka 20 bila kuacha kucheza.

Hapo ndipo pwani ya Bagamoyo inapoingia. Kwa vigezo vingi mji huo ungeweza kuwa na kriketi ya zamani sawa na ya Mombasa. Katika karne ya 19 ulikuwa mlango wa misafara ya bara, na wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat walikuwa na maduka na maghala yao pale. Jina la Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, bado linatajwa hadi leo. Lakini jumuiya hizo hazikutosha peke yake kuuanzisha mchezo. Kriketi ilisafiri na utawala wa Waingereza, shule zao na vilabu vyao, na Bagamoyo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, watu wasiocheza kriketi. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yalihamia Dar es Salaam, biashara ikafuata bandari, na familia nyingi zikafuata biashara. Waingereza walipoiteka Bagamoyo mwaka 1916, mji ulikuwa umekwisha kudorora. Mombasa kwa wakati huo ilikuwa na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, maelfu ya mafundi na vibarua kutoka Punjab, maofisa wa Kiingereza, na muda wa kutosha wa kugombana kwa gongo na mpira.

Kwa hiyo kriketi ya Tanganyika ikawa ya miji michache, hasa Dar es Salaam, na ikajengwa juu ya vilabu vya jumuiya na gymkhana. Ilikuwa na uzito wake. Timu ya Afrika Mashariki iliyocheza Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, ikiunganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikuwa na Watanzania Praful Mehta na Shiraz Sumar. Ilipoteza mechi zake zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Lakini msingi wake nchini ulikuwa mwembamba. Baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, Waasia wengi waliondoka Tanzania, na vilabu vilivyowategemea wao vikapungukiwa wachezaji na walezi. Ligi inayotegemea jumuiya moja huanguka jumuiya hiyo inapofunga mizigo.

Tangu Tanzania ilipopata uanachama wake yenyewe katika ICC, baraza la kimataifa la kriketi, mwaka 2001, juhudi zimehamia shuleni, na matunda yameonekana. Wavulana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kushiriki Kombe la Dunia la umri huo la mwaka 2026. Timu ya wakubwa ilipata kufundishwa na Steve Tikolo, nahodha wa Kenya ya 2003, aliyemwona Karim siku ya Durban akiwa hatua chache kutoka kwake. Dar es Salaam inapokea mashindano ya kufuzu katika viwanja vya Gymkhana na Chuo Kikuu.

Kasoro iko baada ya shule. Programu za vijana zinazalisha haraka warushaji wa kasi na wapigaji wenye nguvu, kwa sababu vipaji hivyo huonekana mtu akiwa na miaka 17. Mrushaji wa spini haonekani katika umri huo. Anahitaji ligi ya watu wazima yenye mechi nyingi, pichi inayotunzwa, nahodha mwenye subira, na mwajiri anayemruhusu kuondoka kazini mapema Ijumaa. Kijana wa Bagamoyo aliyefundishwa kurusha shuleni yuko kilomita 70 hivi kutoka kwenye viwanja vya Dar es Salaam. Kwa mechi moja si mbali. Kwa mechi 20 kwa mwaka, kwa miaka 15, nauli peke yake inatosha kumrudisha kwenye soka la ufukweni. Hoja kwamba pwani hii haina watu wa kriketi haina msingi. Inachokosa ni mahali pa mtu kukaa kwenye mchezo akiwa na miaka 25, 30 na 35.

Kenya yenyewe inaonyesha kinachotokea mahali hapo panapodhoofika. Baada ya 2003 ugomvi wa uongozi na ukosefu wa fedha uliila kriketi yake, na mwaka 2014 ilipoteza hadhi ya mechi za kimataifa za ova 50. Haijacheza Kombe la Dunia la ova hizo tangu 2011. Uganda, iliyowaweka wachezaji wake katika ligi na mashindano madogo kwa miongo miwili bila kelele, ndiyo iliyokuwa na Nsubuga mkononi siku ilipomhitaji.

Kama Tanzania inataka Karim wake, uamuzi haupo kwenye kambi ya vijana waliofuzu mashindano ya 2026. Upo kwenye ligi watakayorudi kuichezea. Mrushaji wa spini wa Kitanzania aliyezaliwa mwaka 2007 atatimiza miaka 39 mwaka 2046.